Yule mfalme mweusi wa pangoni: mnayoniambia kila Desemba, na yaliyo kweli

Siku moja ya Desemba, mbele ya mfalme mweusi wa pango la Noeli, zile sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, niliisikia sentensi ile ile mara tatu kabla ya saa saba mchana. Wa kwanza alikuwa mzee wa kanisa aliyekuja na ujumbe wa usharika rafiki kutoka Tanzania. Wa pili, mama wa Kijerumani aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akadakia mazungumzo yasiyomhusu. Wa tatu, kijana wa Kenya anayesoma Stuttgart, ambaye nilidhani ndiye angenisaidia. “Lakini si mfalme huyu? Ana taji, ana dhahabu. Hiyo ni heshima kwetu.”

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni katika makanisa ya kale ya kusini mwa Ujerumani na kuwatafsiria. Nimeifanya muda mrefu kiasi kwamba najua swali linalokuja kabla mtu hajafungua kinywa. Na tangu 2020, kila ukifika msimu wa pango la Noeli, ni yale yale. Leo nayaandika, ili mwakani nikiulizwa nimpe mtu asome, nami nikanywe chai.

Kwa aliyepitwa na habari: Oktoba 2020 usharika wa Kilutheri wa kanisa kubwa la Ulm, lile lenye mnara wa mita 161, ulitangaza kwamba Krismasi ile mamajusi, wale wanaoitwa wafalme watatu, hawatawekwa pangoni. Sanamu hizo zilichongwa miaka ya 1920 na Martin Scheible. Mmoja wa wafalme, Melchior, amechongwa mweusi, midomo imetuna, mwili hauna umbo. Mkuu wa jimbo wa wakati huo, Ernst-Wilhelm Gohl, ambaye baadaye alichaguliwa kuwa askofu wa Württemberg, alisema wazi kwamba ukiitazama leo, sanamu ile ni ya kibaguzi. Basi, pakawaka moto.

“Ni mfalme, kwa hiyo ni heshima”

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu ndani yake kuna kipande cha kweli, na mtu mwenye kipande cha kweli habanduki.

Kipande chenyewe ni hiki. Kuna Waafrika waliochongwa na kuchorwa katika nchi hizi kwa heshima kamili. Nenda Magdeburg. Ndani ya kanisa kuu kuna sanamu ya Mtakatifu Mauritius, ya karibu mwaka 1240, askari aliyevaa deraya ya chuma iliyomfunika hadi kichwani, uso tu ndio umeachwa wazi. Na uso huo ni uso wa mtu. Pua ni yake, mashavu ni yake, ukikaa naye dakika mbili unaanza kuhisi umewahi kukutana naye stendi. Naye si mtumishi wa mtu pale, ni mtakatifu msimamizi wa kanisa. Karne ya 15 mfalme mweusi akaenea katika picha za mamajusi, na mafundi wakubwa wakamchora kijana, maridadi, mavazi yake wakati mwingine yakiwapita wenzake. Albrecht Dürer, mchoraji Mjerumani, alimchora hivyo mwaka 1504. Mwaka 1521 Dürer huyo huyo, akiwa Antwerp, alikaa na kalamu yake akamchora dada mmoja Mwafrika aliyekuwa akitumika nyumbani kwa wakala wa mfalme wa Ureno. Akaandika jina, Katharina, na umri, miaka 20. Macho ameyainamisha. Maisha yake hayakuwa mazuri, wala sidai kwamba mchoro ulimkomboa. Nasema tu kwamba mchoraji alimtazama mtu aliyekuwa mbele yake.

Sasa njoo miaka ya 1920. Ujerumani ndiyo kwanza imepoteza makoloni yake, ikiwemo ile Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanganyika, Rwanda na Burundi. Kwa miongo kadhaa watu wa mabara mengine walikuwa wameletwa na kuonyeshwa kwa kiingilio katika mabustani ya wanyama, biashara iliyompa Carl Hagenbeck wa Hamburg umaarufu na mali. Dukani, makopo ya kahawa na pakiti za chokoleti yana kijana mweusi mwenye midomo mikubwa na kilemba, kabeba sinia. Yule wa chokoleti ya Sarotti alizaliwa mwaka 1918, na hadi 2004 ndipo alipobadilishwa kuwa mchawi mwenye ngozi ya dhahabu. Uso wa Mwafrika aliokuwa akiuona Mjerumani wa kawaida kila siku ulikuwa uso wa kopo.

Hapo ndipo watu hunikatiza: “Lakini mchongaji hakuwa na nia mbaya.” Jamani. Nani amezungumzia nia? Mimi sikumjua Scheible na sina kesi naye. Nazungumzia midomo. Midomo ile haikutoka kwa mtu aliyekaa kitini mbele ya fundi. Mvike taji, mvike mataji kumi, uso bado ni ule wa pakiti.

Kuna namna rahisi ya kupima, ninayomfundisha kila mgeni, hata asiyetaka. Usimtazame mfalme mweusi peke yake. Tazama wale wengine wawili kwanza. Je, fundi amewapa makunyanzi, ndevu tofauti, mmoja mnene mmoja mwembamba, kila mtu na sura yake kama majirani wawili wa kijijini kwake? Kisha mtazame wa tatu. Akiwa naye ana sura yake, umri wake, uchovu wake wa safari, sina neno. Lakini ukikuta wawili ni watu na wa tatu ni alama, umeshapata jibu. Hakuna haja ya shahada. Nimemwona mtoto wa miaka saba akilitoa jibu hilo kwa dakika moja, huku baba yake akinieleza habari za heshima.

Na kama bado unashikilia heshima, nikupeleke kwenye kile kisanduku. Katika makanisa mengi ya Ujerumani, hadi miaka ya 1960 na pengine baadaye, kando ya pango la Noeli palikaa kisanduku cha sadaka ya misheni. Juu yake kuna kisanamu cha mtoto mweusi, amepiga magoti, mikono ameikutanisha. Ukitumbukiza sarafu, kichwa kinainama kukushukuru. Kinanyanyuka, kinangoja nyingine. Niliwahi kukiona kimoja kwenye chumba cha nyuma cha kanisa fulani, kati ya vinara vilivyovunjika na mazulia. Mama mchungaji mmoja kutoka Usambara, niliyekuwa nimemtembeza siku nzima akiniambia nisikuze mambo, alitoa senti kumi akaitumbukiza. Kichwa kikainama mara tatu na mlio mdogo wa chuma, ki, ki, ki. Hakusema kitu. Akafungua pochi akatoa nyingine, akaishika, kisha akairudisha pochini.

Wazee waliokulia huku wanakikumbuka kisanduku hicho kwa mapenzi, na siwalaumu, walikuwa watoto na kichwa kinachoinama kinachekesha. Ila ndicho kilichokuwa jirani wa mfalme mweusi kanisani kwa miaka mingi: huku mfalme, huku mwombaji, na mtoto wa Kijerumani akivitazama vyote viwili kwa pamoja. Na leo madarasani mwa shule za Ulm mna watoto weusi waliozaliwa hapo hapo. Wao hawarudi Tanga baada ya siku kumi kama ujumbe wangu.

“Biblia inasema mmoja wao alikuwa Mwafrika”

Haisemi. Fungua Mathayo sura ya pili, usome polepole. Ni mamajusi kutoka mashariki. Hawaitwi wafalme, hawana majina, rangi haikutajwa, na hata hesabu ya watatu haipo, imetokana na zawadi tatu: dhahabu, uvumba na manemane. Ufalme wao ulichotwa kwenye unabii kama Zaburi ya 72, panapotajwa wafalme wa Sheba na Seba wakileta zawadi. Ravenna, Italia, kuna mozaiki ya karne ya 6 ambapo watatu hao wanakimbilia kwa Bikira Maria wamevaa suruali na kofia za Kiajemi, na hakuna hata mmoja aliye mweusi. Mapokeo ni mapokeo, nayapenda, lakini msiniletee kama aya.

“Mweusi ni Balthasar”

Mapokeo yanawaita watatu hao Caspar, Melchior na Balthasar, na mweusi hubadilika. Hispania ni Balthasar, ndiyo. Ulm ni Melchior. Sehemu nyingine za Ujerumani ni Caspar. Tuendelee.

“Serikali iliwalazimisha, na aliyeondolewa ni mweusi peke yake”

Hapana, na hapana. Uamuzi ulikuwa wa usharika wenyewe, na waliowekwa kando ni wote watatu. Mtoto, Maria, Yosefu na wachungaji walibaki. Hakuna aliyechomwa moto wala kukatwa shoka. Kwa kalenda ya kanisa, mamajusi wenyewe zamu yao ni tarehe 6 Januari, kwa hiyo waliolia kwamba Krismasi imeuawa walikuwa wanalilia wageni wa baada ya sikukuu.

Kama mnauliza maoni yangu, mimi nisingeificha sanamu ile. Ningeitoa pangoni, pale watu wanaposali, nikaiweka ndani ya kioo pembeni, na kopo la kahawa la enzi zile liwe karibu yake. Watu wangeelewa bila mimi kupayuka.

“Watoto wakipakwa masizi wanawakilisha ulimwengu mzima”

Hapa ni habari ya waimbaji wa nyota. Kila Januari, watoto wa parokia za Kikatoliki huvaa mataji ya karatasi, hubeba nyota juu ya fimbo, hupita nyumba kwa nyumba wakiimba na kuchanga fedha za watoto wenye shida duniani, kisha huandika baraka mlangoni kwa chaki. Kampeni hiyo imekuwepo tangu 1959, na ni kazi nzuri, nasema bila kejeli. Mwaka 2013 nchi iliyopewa uzito ilikuwa Tanzania, kwa ajili ya afya ya watoto. Mwaka 2017 ilikuwa Kenya, habari ya ukame wa Turkana.

Sasa piga picha mtoto anakuchangia wewe wa Turkana, na ili akuwakilishe amejipaka rangi nyeusi usoni. Shirika la Kikatoliki linaloendesha kampeni lenyewe linashauri rangi hiyo iachwe, ila kuna vijiji vinavyoishikilia kana kwamba ni sakramenti. Nimewahi kumuuliza baba mmoja: ikiwa mweusi lazima apakwe ndipo aonekane mweusi, mbona yule anayewakilisha Asia hampaki chochote? Akasema hajawahi kulifikiria. Hilo namwamini.

Na hizo herufi za chaki, C+M+B, si Caspar, Melchior na Balthasar. Ni Kilatini, *Christus mansionem benedicat*, Kristo na aibariki nyumba hii.

“Ni kama yule Piet wa Uholanzi, masizi ya bomba la moshi tu”

Msinichanganyie. Piet si mfalme wala hayupo pangoni. Ni mtumishi wa Mtakatifu Nikolao, anayefika naye kwa meli katikati ya Novemba kuelekea usiku wa zawadi wa tarehe 5 Desemba. Mtumishi mweusi huyo aliingizwa na kitabu cha watoto cha Jan Schenkman, mwalimu wa Amsterdam, mwaka 1850. Hesabu kidogo: Uholanzi ilifuta utumwa Suriname na visiwa vyake vya Karibi tarehe 1 Julai 1863. Kwa hiyo kitabu kilipotoka, watu weusi walikuwa bado mali ya Waholanzi kwa mujibu wa sheria, na wangebaki hivyo miaka 13 zaidi.

Masizi, mnasema. Masizi gani yanayopaka uso sawasawa kama rangi ya kiatu, yanakujaza midomo nyekundu, yanakuotesha nywele za kipilipili, yanakuvika hereni za dhahabu, halafu yanaiacha kola nyeupe pe? Waholanzi wenyewe wameanza kuona aibu. Katika mapokezi ya kitaifa ya Mtakatifu Nikolao mjini Apeldoorn mwaka 2019, watumishi wote walikuwa na michirizi ya masizi mashavuni tu, kama mtu aliyetoka kweli kwenye bomba la moshi. Watoto walipokea peremende zao vile vile. Lakini kufika hapo si kwa maneno matamu: mwaka 2011 mjini Dordrecht watu walikamatwa kwa sababu ya kuvaa fulana zilizoandikwa kwamba Piet ni ubaguzi, na mwaka 2017 magari yalizuiwa kwenye barabara kuu ili wapinzani wa Piet wasifike kwenye mapokezi ya Dokkum.

“Basi na pango la mpingo tunalowaletea ni ubaguzi vile vile”

Swali hili huja mwisho, wakati wa chai, na huulizwa na wale waliobeba zawadi. Hapana. Katika pango la mpingo wote ni weusi: mama, mtoto, Yosefu, mchungaji, mfalme. Hakuna aliyechongwa mtu na mwingine akachongwa kichekesho. Usharika wa huku ukiliweka madhabahuni ni sawa kabisa, ingawa ningependa siku moja mtu alete pango lisilo na twiga.

Ila mkileta, viringisheni kila sanamu peke yake kwenye kitenge, na waambieni wenyeji wasiliweke karibu na hita. Hewa ya makanisa haya wakati wa baridi ni kavu, na mpingo hupasuka. La mwisho nililolipokea uwanja wa ndege, Yosefu alifika bila mkono, na mkono wenyewe tuliukuta ndani ya kiatu cha mzee wa kanisa.