Kiingereza rasmi si lazima kiwe kizito

Dhana iliyokita mizizi maofisini kwetu ni kwamba barua ya Kiingereza haiwi rasmi mpaka ijae maneno mazito. Ndiyo maana mwombaji kazi huanza na "I hereby humbly wish to apply". "I am applying for" ni rasmi kabisa, wala haimvunjii mtu heshima. "Hereby" ina mahali pake: kwenye hati ambamo tamko lenyewe ndilo linalotekeleza jambo, kama kiapo au mkataba.

Uzito huo kwa sehemu kubwa tumeuiga kwa wanasheria. Wanormani, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, shughuli za sheria zikawa za Kilatini na Kifaransa, huku raia wakibaki na Kiingereza chao. Mahakamani kukazoeleka kupanga pamoja maneno mawili yenye maana moja, mfano "will and testament" (wasia): la kwanza ni la Kiingereza cha kale, la pili asili yake Kilatini. Barua ya kuomba likizo haihitaji urithi huo. Marekani ilitunga hata sheria, mwaka 2010, inayozitaka taasisi za serikali kuu kuwaandikia wananchi kwa lugha iliyo wazi.

Wengine huamini kwamba ukijua sarufi na maana ya kila neno, umemaliza. Hapa ndipo wanaponzwa hata wanafunzi hodari, na ningependa walimu wapatilie mkazo zaidi. Kiswahili hupiga simu, hupiga pasi, hupiga picha. Mgeni akisema "nitafanya simu" tutamwelewa, lakini hatusemi hivyo. Kiingereza nacho kina mazoea yake: mvua kubwa ni "heavy rain", upepo mkali ni "strong wind", na uamuzi huwa "make a decision", si "do". Vivyo hivyo "We discussed about the budget" imebeba "kuhusu" yetu. Kiingereza sanifu husema "We discussed the budget". Ukiwa na shaka, tafuta neno lako katika British National Corpus, hazina ya matini halisi za Kiingereza yenye maneno takriban milioni 100, uone majirani zake.

Eti sentensi haiishii kwa "to" wala "with"? Mshairi Mwingereza John Dryden alilalamikia sentensi zinazoishia hivyo mwaka 1672, na Waingereza wameendelea kuandika hivyo hadi leo. "The officer I spoke to" ni sahihi.

Na "kindly revert" kwa maana ya "nijibu"? Nairobi utaeleweka. Ukiandikia chuo cha Uingereza, tumia "reply", maana huko wengi hulijua "revert" kwa maana ya kurudi katika hali ya awali.