Breki za gari la spoti la zamani: yanayosemwa Malindi na yaliyo kweli

Datsun 240Z, gari la spoti la zamani kama langu, ina heshima yake Kenya. Ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Ndiyo maana ukiiegesha yako mjini Malindi hukosi wa kukuzunguka na kukushauri. Ushauri wa injini nausikiliza wote. Wa breki nauchuja, kwa sababu umeshanitoa pesa bure, na mwingine ungeweza kutoa mtu roho.

Linalosemwa zaidi ni hili: "Weka diski kubwa, gari litasimama papo hapo." Si kweli. Diski ni sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, na pedi huibana ukikanyaga breki; lakini kinacholisimamisha gari ni tairi kushika lami. Kama breki za kiwandani zinaweza kufunga magurudumu yasizunguke, na za 240Z nzima zinaweza, diski kubwa haipunguzi umbali wa kusimama, maana tairi limeshafika mwisho wa nguvu zake. Faida ya diski kubwa ni kubeba joto. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na kusimama kutoka kilomita 100 kwa saa huzalisha joto mara nne ya kusimama kutoka 50. Anayeshuka milima au anayeshindana anakihitaji chuma hicho. Sisi tuko tambarare. Kutoka hapa hadi Watamu hakuna mteremko wa kuichosha breki. Pesa ya kwanza iende kwenye tairi. Tairi la miaka kumi limekauka hata kama meno yake yamejaa.

Adui wetu mkubwa ni chumvi. Gari langu lilikuwa likivuta kulia kila nikikanyaga breki, na kila fundi akaniambia ni pedi. Nikabadilisha pedi, likaendelea kuvuta. Siku niliyofungua kalipa ya kushoto, kile chuma chenye pistoni zinazosukuma pedi zibane diski, na kuvuta mpira wa kuzuia vumbi, nikakuta ukingo wa pistoni umeota kutu na unga mweupe wa chumvi umeganda nyuma ya mpira. Pistoni haikusogea hata kwa koleo. Gurudumu la kushoto halikuwa likifunga. La kulia lilikuwa likifanya kazi ya wawili, ndiyo maana gari likaelekea huko. Pistoni mpya na mipira mipya iliponya kitu ambacho seti mbili za pedi hazikukiponya. Osha vipande hivyo kwa spiriti au kisafisha breki, kamwe si kwa dizeli wala petroli, na usipake grisi ya kawaida: mafuta ya madini huvimbisha mipira ya breki.

"Mafuta ya breki hayabadilishwi, huongezwa tu." Hii ndiyo dhana ninayoichukia kuliko zote. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 (DOT ni daraja la mafuta ya breki, huandikwa kwenye chupa) hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230; ikishanywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 155. DOT 3 hushuka kutoka 205 hadi 140. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanwa, na pedali hushuka hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Ya kwangu niliyakuta na rangi ya chai ya mkandaa. Sasa nabadilisha yote kila mwaka, na chupa iliyobaki wazi tangu mwaka jana siitumii. Yakimwagikia bodi, mwaga maji mengi hapo hapo, la sivyo rangi itavimba na kubanduka.

Na namba isikudanganye. DOT 5 si DOT 4 iliyoboreshwa. Ni silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine, na maji yakiingia hukaa chini ya mfumo yakila chuma. DOT 5.1 ndiyo ndugu wa DOT 4.

Diski za matundu ni pambo barabarani. Matundu hupunguza chuma cha kubeba joto, na nyufa huanzia hapo. Pedi za mashindano nazo hutaka joto kwanza ndipo zishike, kwa hiyo asubuhi, mtoto akikatiza ghafla mbele yako, hazitakusaidia.

Sasa Hilux. Ni kweli kwamba kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux 4x4 ya zamani hufungika mbele ya 240Z, na huku spea za Hilux hazikosekani. Dhana potofu ni kwamba bolti zikiingia, kazi imekwisha. Pistoni kubwa hutaka mafuta mengi, hivyo pedali huenda mbali zaidi. Wengi hutoa masta silinda (pampu ya pedali inayosukuma mafuta hadi kwenye magurudumu) ya inchi 7/8 na kuweka ya 15/16. Hiyo husukuma mafuta takriban asilimia 15 zaidi kwa kila kanyagio, lakini kwa nguvu ileile ya mguu shinikizo hupungua asilimia 13 hivi. Jiandae kukanyaga kwa nguvu zaidi. Na usikimbilie kuongeza breki za nyuma ili "zilingane" na za mbele. Ukikanyaga breki, uzito huhamia mbele. Nyuma ikifunga kwanza, gari huzunguka. Dramu za nyuma, yaani breki za ngoma ambazo viatu hutanuka na kusugua ndani yake, zinatosha zikiwa na viatu vizuri.

Ukiinua gari, liweke juu ya stendi za chuma. Jiwe la matumbawe hupasuka bila onyo, nawe uko chini. Vumbi la pedi za zamani lilowanishe, usilipulize, kwani huenda lina asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu.

Mwisho ni kutoa hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki. Siku mbili mpwa wangu alikaa ndani akikanyaga, mimi chini nikimwambia "shika... achia", na pedali ikabaki laini kama sponji. Tukalaumu masta silinda. Kumbe nilikuwa nimefunga kalipa ya kushoto upande wa kulia, na ya kulia kushoto, skrubu za kutolea hewa zikaangalia chini. Hewa hukaa juu. Isingetoka hata tungekanyaga wiki nzima. Tulipozibadilisha zikaangalia juu, tukatoa hewa tena, na mara hii mpwa wangu akasema, "Mjomba, imekuwa ngumu."