Vikinga mionzi vya mimea: vinamkinga nani?

Mwambie muuza viungo wa Marikiti, Mombasa, kwamba una mgonjwa kwenye tiba ya mionzi. Hutoki mikono mitupu. Atakufungia manjano, tangawizi na habasoda. Wanasayansi nao wanavichunguza viungo hivyohivyo, wakitafuta kikinga mionzi: kemikali ya mmea inayopunguza madhara ya mionzi kwa seli zisizo na saratani.

Utumbo huumia mapema. Mwenye saratani ya mlango wa kizazi mara nyingi hupewa mionzi ya nyonga ya takriban grei 45 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), ikigawanywa mara 25 kwa wiki tano, na utumbo mwembamba umelala papo hapo. Utando wake wa ndani hujivua na kuota upya kila baada ya siku chache, kutokana na seli mama zilizo kwenye vishimo vidogo. Seli zinazogawanyika haraka ndizo mionzi huziua upesi. Zikifa, utando hukosa wa kuujaza, na mgonjwa huanza kuhara na kusokotwa na tumbo, aghalabu kuanzia wiki ya pili au ya tatu.

Sehemu kubwa ya uharibifu huo hutokana na chembe kali zinazozaliwa mionzi inapopasua maji ndani ya seli. Kurkumini ya manjano na thaimokwinoni ya habasoda huzipunguza makali, na kwenye panya wa maabara zimepunguza majeraha ya utumbo. Kurkumini haifyonzwi vizuri kuingia kwenye damu. Kwa maradhi mengine hiyo ni kasoro. Kwa utumbo ni afadhali, maana hubaki palepale. Ila unga wa manjano una takriban asilimia 3 tu ya kurkumini, kwa hiyo mchuzi haufikii dozi za panya hao.

Sasa, kinachoukinga utumbo kitajuaje kutoikinga saratani? Huko Quebec, Kanada, wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo walifanyiwa utafiti uliochapishwa 2005. Waliopewa vitamini E na beta-karotini walipata madhara makali machache zaidi, lakini saratani ilielekea kuwarudia zaidi. Vitamini E na beta-karotini si manjano, najua, lakini manjano nayo hupambana na chembe zilezile. Manjano ya chunguni hayanitishi, kwa kuwa kurkumini yake ni kidogo. Vidonge vyake vinanitisha, hasa vilivyotiwa pilipili manga, ambayo piperini yake huzuia mwili kuvunja baadhi ya dawa. Vidonge hivyo, pamoja na chupa za mafuta ya habasoda, apelekewe daktari wa mionzi avione kabla havijamezwa.

Maganda ya mbegu za isabgol (psyllium) yasidhaniwe kuwa kikinga mionzi kama hivi. Hufyonza maji na kukaza choo. Mionzi yenyewe hayaigusi.