Nduma moja ni slesi ngapi za mkate?

"Daktari, niliacha mkate nikaanza kula nduma. Mbona sukari haishuki?" Swali hili hunifikia mara kwa mara. (Mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari, lakini jina hilo nimeshalizoea.) Nami huuliza: nduma yako ni kubwa kiasi gani? Wengi hunionyesha ngumi, wengine ngumi mbili.

Gramu 100 za nduma iliyochemshwa zina wanga wa takriban gramu 35. Slesi moja ya mkate ina kama gramu 15. Kwa hiyo nduma ya gramu 200, ile ya kawaida pale kibandani asubuhi, ni sawa na slesi nne au tano. Mgonjwa wa kisukari akiila yote na chai ya sukari, amekula mkate kwa jina lingine.

Sisemi uiache. Ina nyuzinyuzi gramu 5 katika kila gramu 100, kwa hiyo inashibisha na kusaidia choo. Ina potasiamu nyingi pia, jambo zuri kwa wengi wetu, ila mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza. Inachokosa ni protini: haifiki hata gramu moja. Kata nusu, weka yai au maharagwe kando. Watu wa Pwani, wanaoiita jimbi, huipika kwa nazi. Inanoga, lakini mafuta yanaongezeka. Krispi za nduma nazo zina mafuta na chumvi, hata pakiti ikiandikwa nini.

Usiionje mbichi. Ina vichembe vya oksaleti ya kalsiamu, vyenye ncha kama sindano, ndivyo vinavyowasha mikono ukimenya na koo ukimeza. Ichemshe na maganda yake mpaka kisu kipenye bila kusukumwa, ndipo umenye. Majani yake ni mboga nzuri yenye vitamini A, nayo yaive kabisa.

Linalonisumbua zaidi hapa Nairobi ni zile nduma zinazonawiri kando ya mito yetu, zikinywa maji taka. Moto huua vijidudu, lakini risasi na metali nyingine nzito hubaki pale pale ndani ya kiazi. Mama mboga anajua kama mzigo wake umetoka Kirinyaga au bondeni hapo chini. Muulize kabla hajakufungia.