Je, wajua kwa nini Petro alikataa kuoshwa miguu?

Wasomaji wengi wa sura ya 13 ya Injili ya Yohana, ambapo Yesu anawaosha wanafunzi wake miguu wakati wa chakula cha jioni, hulichukulia neno la Petro, kwamba Yesu hatamwosha miguu kamwe, kuwa ni ukaidi wa mtu aliyezoea kusema kabla ya kufikiri. Maelezo hayo hayatoshi. Petro alikuwa anatetea heshima, tena heshima ya aina ambayo mtu aliyelelewa Rungwe, Njombe au Iringa anaifahamu vizuri, kwa sababu bado huiona mezani kila siku.

Katika Palestina ya karne ya kwanza watu walitembea kwa viatu vya wazi katika njia za vumbi, na kwenye karamu walikula wakiwa wameegama, miguu ikiwa imenyooshwa nyuma. Mwenye nyumba mwungwana alimpa mgeni maji. Abrahamu aliwapa wageni wake watatu maji wanawe miguu (Mwanzo 18), na katika Luka 7 Yesu anamlaumu Simoni Farisayo kwa kutompa yeye. Lakini kutoa maji ni jambo moja, na kuinama ukaosha ni jambo jingine. Kuinama kulikuwa kazi ya watumwa, na mapokeo ya walimu wa Kiyahudi yaliyoandikwa baadaye yanasema kwamba hata mtumwa wa Kiebrania asilazimishwe kumwosha bwana wake miguu. Abigaili alipotaka kujishusha kabisa mbele ya wajumbe wa Daudi, alisema yuko tayari kuwaosha miguu watumishi wa bwana wake (1 Samweli 25). Chini ya hapo hapakuwa na ngazi nyingine ya kushukia.

Katika nyumba nyingi za Wanyakyusa, Wahehe na Wabena, kabla ya ugali kuliwa, kijana au binti hupita na birika na beseni kuwanawisha watu mikono, akianza na wageni na wazee, mara nyingi akiwa amepiga goti. Hakuna anayeuliza kwa nini iwe yeye, maana umri na cheo vimeshaamua. Sasa fikiria baba mkwe ananyanyuka katikati ya chakula, anavua koti, anachukua birika na kupiga goti mbele ya mkwewe. (Kwa Wanyakyusa wa zamani mfano huu ungekuwa mzito kupita kiasi, kwa kuwa mke wa mwana na baba mkwe waliepukana hata njiani.) Hapo hapo hakuna ambaye angemsifu mzee kwa unyenyekevu. Watu wangemrukia kumpokonya birika, na waliobaki wangejiuliza kama ana homa.

Ndivyo alivyofanya Petro. Alikuwa mwanafunzi mwenye adabu aliyeona Mwalimu wake akijivunjia heshima mbele ya watu, akajaribu kumzuia. Hata hivyo adabu yake ilikuwa na upande wa pili. Luka anaandika kwamba usiku ule ule wanafunzi walikuwa wakibishana ni nani kati yao anayehesabiwa kuwa mkubwa, na ubishi wa namna hiyo una maana tu pale ambapo ngazi za ukubwa zimesimama imara, ili anayenyenyekea leo ajue kwamba zamu yake ya kunyenyekewa itafika. Bwana akishika beseni, cheo wanachokigombea kinakuwa hakina thamani tena. Ndiyo maana Yesu hakumwambia Petro kwamba ni hiari yake. Alimwambia kuwa asipooshwa hana sehemu pamoja naye, kisha akawaagiza wote waoshane miguu wao kwa wao. Mahubiri mengi hupita haraka juu ya jambo moja hapa: Yuda alikuwa bado chumbani. Yohana anaeleza kwamba Yesu alimjua atakayemsaliti, na kwamba Yuda alitoka baadaye, baada ya kupewa tonge. Hakuna dalili yoyote kwamba miguu yake ilirukwa.

Agizo hilo Wakristo hawakulielewa kwa namna moja. Katika karne ya 4 Ambrosi, askofu wa Milano, aliwaosha miguu waliotoka kubatizwa, akijua wazi kwamba Roma haikuwa na desturi hiyo. Kanuni ya Benedikto, ya karne ya 6, inamtaka abati (mkuu wa monasteri) na watawa wawaoshe wageni miguu, na Wabenediktini wa Peramiho, kule Ruvuma, ni wafuasi wa kanuni hiyo. Luther aliwashutumu wakubwa waliolifanya tendo hilo kuwa maonyesho. Wamoravian walioshana miguu kwa muda mrefu, wakaacha mwaka 1818, na wamisionari wao walipofika Rungwe mwaka 1891 desturi hiyo ilikuwa imekwisha katika kanisa lao zaidi ya miaka 70.

Leo, kwa hiyo, namna ya kulitimiza agizo hilo inategemea unasali wapi. Katika parokia za Kikatoliki za Iringa, Mbeya na Njombe padre huwaosha miguu waamini kadhaa jioni ya Alhamisi Kuu. Kwa muda mrefu kanuni iliwataja wanaume pekee, hadi Januari 2016 Papa Fransisko aliporuhusu wachaguliwe watu wote, wanawake kwa wanaume. Padre huosha, lakini ibada haidai aoshwe. Waadventista Wasabato hufanya huduma ya unyenyekevu kabla ya Meza ya Bwana, kwa kawaida mara moja kila robo ya mwaka, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, na kila mmoja huosha na kuoshwa. Kwa maoni yangu utaratibu huu wa pili umeshika vizuri zaidi tatizo la Petro, kwa sababu kiongozi anayeinama mbele ya umati anaweza hata kupata sifa, ilhali mzee wa kanisa anayeketi akamwachia miguu yake kijana, au mtu waliyegombana juu ya mpaka wa shamba la viazi, hapati sifa yoyote.

Makanisa yasiyo na tendo hilo husema kwamba agizo hutimizwa kwa kazi, na kazi hiyo inaonekana: Walutheri wana hospitali ya Ilembula, Wamoravian wana ya Isoko kule Ileje. Wakatoliki, wenye ibada na kazi pamoja, wana ya Ikonda kule Makete. Katika wodi hizo miguu ya wagonjwa huoshwa kweli, na wauguzi pamoja na ndugu waliokuja kuuguza. Udhaifu wa jibu la kazi peke yake ni kwamba askofu au mzee wa kanisa anaweza kutumika miaka yake yote bila kushika beseni yeye mwenyewe, jambo ambalo ibada, hata ikifanyika mara moja kwa mwaka, haimruhusu.