Vitamini na oparesheni ya saratani ya utumbo: maswali mnayoniuliza wodini

Assalaam alaykum. Mimi nesi wa wodi ya upasuaji hapa Unguja. Mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana akija kulazwa, jamaa zake huja na mfuko wa famasi umejaa makopo, na maswali yao ni yale yale, kwahio nimeyaandika hapa na majibu yake kama nnavoyajibu pale kitandani.

Baba anapasuliwa utumbo mwezi ujao, nimnunulie vitamini gani za kumtia nguvu?

Mwanangu, hakuna vitamini inayomtayarisha mtu kuingia tiata. Vitamini inasaidia pale palipopungua, na pamepungua wapi huwezi kujua kwa kumtazama usoni, lazma apimwe. Kabla ya kopo lolote tazameni uzito. Kama suruali zinamvuka na ndani ya miezi sita katoka kilo 70 kafika 62, huyo keshapoteza zaidi ya asilimia 10 ya mwili wake na hapo ndo penye hatari ya kidonda kutofunga na usaha kuingia. Miongozo ya wataalamu wa lishe wa Ulaya inasema mgonjwa wa namna hio alishwe vizuri siku 7 mpaka 14 kwanza hata oparesheni ikibidi kucheleweshwa. Alishwe, sio apewe vidonge.

Kinachojenga kidonda zaidi ni protini, gramu 1.2 mpaka 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yani mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 72 mpaka 90. Yai moja lina kama gramu 6, kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama 20, uji mtupu una kidogo mno. Basi huo uji utieni maziwa na yai, mpikieni choroko, changu wa mchuzi, na bokoboko. Mimi bokoboko nalipenda sana kwa wagonjwa hawa mana nyama imeshapondeka ndani yake, ni laini, na mtu asokuwa na hamu humeza vijiko vitano sita bila kutafuna, alafu baada ya saa mbili mnampa tena. Ila akiwa tumbo limejaa, choo na upepo havitoki na anatapika, msimlishe kitu, mpelekeni spitali saa hio hio, utumbo huenda umeziba.

HB yake (kipimo cha wingi wa damu) ni 8, kaandikiwa vidonge vya damu. Vina kazi kweli?

Vina kazi, na kama kuna kitu kimoja cha kushughulikia kabla ya oparesheni basi ni hichi. Uvimbe ukiwa upande wa kulia wa utumbo unavuja damu kidogo kidogo miezi na miezi, kwenye choo huioni, mtu anachoka tu, akipanda ngazi anahema. Mwanamme mtu mzima HB ya kawaida ni 13 kwenda juu, mwanamke 12. Akiingia tiata na 8 ni rahisi kuhitaji kuongezewa damu, na nyote mnajua kazi ya kutafuta watu wa kutoa damu.

Kidonge cha ferrous sulfate cha miligramu 200 kina madini ya chuma kama miligramu 65. Kimoja kwa siku kinatosha, wengine huandikiwa siku moja ndio siku moja hapana na mwili unakipokea vizuri tu. Kutia vitatu kwa siku kunaleta kichefuchefu na kufunga choo bila ya faida kubwa. Meza na maji ya ndimu au chungwa. Chai ndo adui, na sisi hatuli kitu bila chai, basi iacheni saa nzima kabla na saa nzima baada ya kidonge. Choo kitakuwa cheusi, hio ni rangi ya dawa. Lakini cheusi chenye kunata kama lami na harufu kali, huku mtu anaona kizunguzungu, hio damu, njooni. Na kama kapangiwa kipimo cha kamera ya kupitia njia ya haja kubwa, vidonge visimamishwe kama wiki moja kabla, vinapaka utumbo rangi daktari asione vizuri.

Vidonge vinataka wiki kadhaa, kwahio anzeni siku ile ile mlopewa tarehe. Muda ukiwa mfupi kuna chuma cha dripu, kinajaza haraka, ila nacho sio miujiza. Uingereza waliwajaribu wagonjwa 487 wenye upungufu wa damu wanaosubiri oparesheni kubwa za tumbo, majibu yakatoka mwaka 2020, waliopewa dripu ya chuma hawakupunguza kuongezewa damu wala vifo, ingawa waliorudi spitali baada ya kuruhusiwa walikuwa wachache zaidi.

Na hili nalisema kila nnapopata nafasi: mwanamme, au mama aliyekwisha kukoma hedhi, akiambiwa damu imepungua kwa kukosa chuma, asiishie kumeza vidonge. Atafutiwe damu inapotokea, na utumbo ni katika sehemu za mwanzo za kutazama.

Habasoda, vidonge vya kitunguu saumu, mafuta ya samaki, aache?

Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina tabu. Vile vidonge vilivyokolezwa, pamoja na vitamini E ya dozi kubwa, mafuta ya samaki, ginseng na habasoda ya kumeza kama dawa, simamisheni wiki mbili kabla ya oparesheni, vyengine vinaweza kuifanya damu ichelewe kuganda. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini pia visimame kabla ya kutolewa damu ya vipimo, vinaharibu majibu ya baadhi ya vipimo. Anotumia warfarin (dawa ya kuzuia damu isigande) asianze wala asiache vitamini yoyote kimya kimya.

Mambo haya wagonjwa wanayaficha kwa kuogopa kugombezwa. Leteni makopo yote pamoja na chupa za dawa za kienyeji, tuvione, hakuna atakaekugombezeni.

Kuna watu wanachoma dripu za vitamini C, wanasema zinaua saratani na kidonda kinapoa haraka.

Vitamini C inahitajika kidonda kifunge, hilo kweli, lakini kiasi anachohitaji mtu kinapatikana kwenye mapera na machungwa. Hizo dripu za gramu nyingi hazijathibitika kutibu saratani ya utumbo, na sisi watu wa pwani tuna jambo letu: wengi tumezaliwa na upungufu wa G6PD (kitu cha mwilini kinacholinda chembe nyekundu za damu), hali inayokwenda pamoja na sehemu zenye historia ya malaria, na mtu wa namna hio akipigwa vitamini C nyingi ya mshipa chembe zake nyekundu zinapasuka, mkojo unakuwa kama kokakola na HB inaporomoka. Huyo huyo tuliekuwa tunampandisha damu! Zinaweza kuumiza figo pia, na kwa mwenye sukari kile kipimo cha kidole kinaweza kusoma juu kuliko ukweli, akatiwa insulini asoihitaji. Kwahio hapana.

Na vitamini D?

Mkipimwa mkakutwa mmepungukiwa, mezeni, na jua tunalo ila anaejifunika mwili mzima au anaeshinda ndani halimfikii ngozini. Lakini kwa kuzuia saratani isirudi, Japani waliwapa wagonjwa 417 waliopasuliwa saratani za njia ya chakula yuniti 2,000 kila siku, na katika majibu ya 2019 tafauti haikutosha kusema dawa imefanya kazi.

Mama hali wiki ya pili sasa, anatapika tu, wametundika dripu ya glukosi.

Ulizeni kama kapewa vitamini B1 kwanza. Mtu alokaa na njaa muda mrefu B1 yake inakwisha, na glukosi ikiingia bila hio ubongo unaweza kuumia, anachanganyikiwa, macho yanacheza, hawezi kusimama. Ni sindano rahisi, daktari hatochukia kuulizwa.

Kawekewa mfuko wa choo tumboni, vidonge vinatoka vizima ndani ya mfuko.

Hio naiona sana. Mfuko ukiwa umetokea kwenye utumbo mwembamba chakula kinapita mbio na kidonge hakiwahi kuyeyuka, unakikuta mfukoni hata maandishi yake hayajafutika. Mwambieni daktari abadilishe kwa ya maji, ya kutafuna au ya sindano. Msiviponde wenyewe, kuna vidonge vimetengenezwa kuyeyuka taratibu na ukiviponda dozi yote inaingia mara moja.

Na kubwa kuliko vitamini hapo ni chumvi na maji. Mfuko ukitoa zaidi ya lita moja na nusu kwa siku rudini, na kwa wakati huo anywe maji ya ORS. Madafu peke yake hayatoshi, yana potasiamu nyingi lakini sodiamu (ile ya kwenye chumvi) ni ndogo, na sodiamu ndo inayomwagika.

Kaanza kemo (dawa ya saratani) ya vidonge, aendelee na fefo?

Fefo ina chuma na foliki asidi. Kama kemo yake ni capecitabine, foliki asidi inaweza kuzidisha makali yake, mdomo ukachubuka, akaharisha, viganja na nyayo zikababuka. Asimeze mpaka amuulize daktari wa saratani, akihitaji chuma yapo ya peke yake. Multivitamini zisomwe kopo, nyingi zina foliki.

Kapasuliwa miaka mitatu nyuma, kapona alhamdulillah, lakini nyayo zinakufa ganzi na anayumba akitembea.

Apimwe B12 wiki hii. Vitamini hio inaingia mwilini kwenye kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba, pale pale unapoungana na utumbo mpana, na oparesheni ya upande wa kulia hukikata. Wakitoa sentimita chache mara nyingi hapaharibiki kitu, wakitoa zaidi ya 60 atahitaji sindano maisha yake yote. Ini lina akiba ya miaka, ndo mana tabu inakuja wakati watu washasahau kama alipasuliwa. Akiwa na sukari na anakula metformin siku nyingi B12 inashuka zaidi. Mchicha hautomsaidia, B12 iko kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, na kwa alokatwa sehemu hio hata hivo havitoshi. Wala msimpe foliki kwanza, inaweza kupandisha damu ikaonekana kapona huku mishipa ya fahamu inaendelea kufa.

Daktari atataka kujua kilikatwa kipande gani na kirefu kiasi gani. Imo kwenye ile karatasi ya kuruhusiwa, mara nyingi iko kabatini chini ya nguo. Itafuteni mwende nayo, na kama imepotea rudini spitali alipopasuliwa muombe taarifa ya oparesheni kwenye faili lake kabla hamjaenda kliniki.