Bima ya Mzigo na Ugaidi: Wafanyabiashara wa Lamu, Someni Masharti

Malalamiko yanayotufikia kutoka Lamu siku hizi ni ya aina moja: mtu kalipia bima ya mzigo wa ng'ambo, kisha akaambiwa ugaidi haumo. Anasema ametapeliwa. Mara nyingi hakutapeliwa, hakusoma.

Ugaidi huingia kwenye bei hata pasipolipuka kitu hapa kwetu. Meli ya mafuta ya Limburg iliposhambuliwa karibu na Yemen, Oktoba 2002, ada za bima za meli ziendazo huko zilipanda mara tatu, na makontena yakaikimbia bandari ya Aden nchini humo. Wahouthi, waasi wa Yemen, nao walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, Novemba 2023 (kuwaita magaidi au la tunawaachia wanasiasa), bima ya vita kwa safari moja ilifika karibu asilimia 1 ya thamani ya meli. Meli ya dola milioni 100 ililipa kama milioni 1 kwa kupita tu. Nyingi zikazungukia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, njia iliyo ndefu zaidi. Spea zako za boti zimepanda kwa hayo, usimgombeze wakala wa forodha.

Sasa masharti. Bima ya kawaida ya mzigo, hata ile pana ya daraja A, haigusi vita wala ugaidi. Kinga hizo hununuliwa kando. Kinga ya vita hufuata mzigo ukiwa baharini. Ukishateremshwa Mombasa, njia ya Garsen hadi Mokowe huhitaji kinga ya migomo, ghasia na ugaidi. Kusindikizwa na polisi si bima, na hili tumelirudia hadi tumechoka.

Hasara ikitokea, piga ripoti polisi upewe nambari ya OB (daftari la matukio la polisi). Ijulishe kampuni ya bima, na usiguse mzigo hadi mkaguzi afike. Uharibifu usioonekana wakati wa kupokea, mwandikie mwenye meli ndani ya siku 3. Kumshtaki mwisho ni mwaka 1. Ambatisha hati ya shehena, ankara, orodha ya vifurushi na cheti cha bima.

Wapo wanaoshusha thamani. Bidhaa za shilingi milioni 1 zikikatiwa bima ya 600,000, nusu ikiharibika utalipwa 300,000. Ukiidanganya na forodha, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 ina kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000.

Kinga ya ugaidi iombwe kabla mzigo haujapakiwa. Ile ya vita, kampuni yaweza kuiondoa kwa notisi ya siku 7, kwa mizigo ambayo haijaanza safari.